Sufuria na Vikaango kwa Kaya Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wepesi, Uimara na Kuosha kwa Mashine

Ukurasa huu ni wa anayepika kwa ajili ya mtu mmoja, wawili au watatu: aliyepanga chumba na sebule, wanandoa wapya, mzee aliyebaki peke yake baada ya watoto kuoa na kuolewa, Mswahili aliyehamia Muscat au Toronto akakuta jikoni kuna mashine ya kuoshea vyombo. Vyombo vingi vya dukani vimepimwa kwa familia kubwa na wageni wa sikukuu, na kaya ndogo hubaki inanyanyua uzito isiouhitaji kila siku. Msimamo wetu tunausema mapema ili usome majibu ukiujua: wepesi utafute kwenye ukubwa wa chombo, usiutafute kwenye wembamba wa kitako.

Watu wawili wanahitaji vyombo vingapi?

Vitatu vinatosha kuanzia: sufuria ya lita 2, sufuria ya lita 3 au kuzidi kidogo, na kikaango cha sentimita 24. Pima kwa chakula unachopika, si kwa macho ukiwa dukani. Robo kilo ya mchele ikiiva haifiki lita moja, kwa hiyo wali wa wawili unakaa vizuri kwenye sufuria ya lita 2 na nafasi ya mvuke inabaki. Hiyo hiyo inachemsha chai ya maziwa, inapika uji na inasonga ugali wa sahani mbili. Ya lita 3 ni ya mchuzi wa kuku, ndizi, viazi, na mboga za majani ambazo huingia kwa wingi kabla hazijanywea. Kikaango ni cha mayai, samaki, chapati na kuunga mboga. Kama maharage, choroko au makongoro ni chakula chako cha kila wiki, cha nne kiwe presha kuka ndogo. Ina swali lake huko chini.

Nimeona seti ya vipande 12 imeshushwa bei. Nisichukue?

Hesabu vipande vyake kwanza. Kila mfuniko huhesabiwa kama kipande, hata kijiko cha plastiki wakati mwingine, hivyo 12 hugeuka kuwa sufuria tano au sita, na mbili kati ya hizo ni kubwa kiasi ambacho utazitumia mwezi wa Ramadhani au Krismasi tu. Fedha hiyo hiyo ikinunua vyombo vitatu vizuri, utavitumia vyote vitatu kila siku.

Sufuria "nyepesi" ina uzito gani hasa?

Tuchukue sufuria ya kipenyo cha sentimita 20 na kina cha sentimita 10, ambayo inaingiza lita 3. Ikiwa ya alumini yenye unene wa milimita 2, mwili wake una uzito wa nusu kilo hivi. Ikiwa ya stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, kwa unene huo huo ingefika kilo moja na nusu, kwa sababu chuma kina uzito wa karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo ule ule. Ndiyo maana watengenezaji hawafanyi hivyo. Kuta za stenlesi huwa nyembamba, kiasi cha nusu milimita au kuzidi kidogo, halafu chini hubandikwa kitako kinene chenye alumini ndani. Sufuria ya namna hiyo hucheza kwenye gramu 800 hadi 900 kabla ya mipini.

Tofauti kati ya hizo mbili, basi, ni gramu 300 hadi 400. Mchuzi wa kujaza nusu ya sufuria hiyo una uzito wa kilo moja na nusu. Kinachokuchosha mkono ni chakula na ukubwa wa chombo zaidi kuliko chuma chenyewe, na ukishuka kutoka sufuria ya lita 5 hadi ya lita 3 umepunguza mzigo mkubwa kuliko ambao ungeupunguza kwa kubadili madini.

Alumini au stenlesi?

Kwa kaya ndogo inayotaka chombo kimoja kidumu miaka mingi na kivumilie mashine: stenlesi yenye kitako kinene cha tabaka.

Sababu zinastahili kuelezwa. Alumini inasambaza moto zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi, na hiyo ndiyo sifa iliyoifanya itawale majiko yetu: ni nyepesi, ni rahisi, wali unaiva sawasawa. Lakini ni laini. Inabonyea, inachubuka, na haipatani na vitu vikali vya aina mbili: ndimu, ukwaju na nyanya za kuchemka muda mrefu kwa upande mmoja, na magadi au sabuni ya mashine kwa upande wa pili. Yote hayo hula ule utando mwembamba unaoikinga alumini, chombo kikawa cheusi na mchuzi ukapata ladha ya chuma.

Stenlesi ni kinyume chake. Harry Brearley aliyeshughulika nayo Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Akapata chuma chenye kromiamu ambacho asidi ilishindwa kukila, na kikaishia kwenye visu na masufuria. Ukwaju haukidhuru, sabuni haikidhuru, mwiko haukikwaruzi. Udhaifu wake mkubwa ni mmoja: hakisambazi moto vizuri. Stenlesi tupu, nyembamba, isiyo na kitako cha tabaka, itaunguza wali pale palipo na mwali na kuuacha mbichi pembeni. Ndiyo maana tunasisitiza kitako: alumini ikiwa imefunikwa katikati ya tabaka mbili za stenlesi, unapata usambazaji wa moja na uvumilivu wa nyingine.

Nitajuaje kitako ni kizuri nikiwa dukani?

Geuza sufuria uitazame ubavuni chini. Kitako cha tabaka kinaonekana kama sahani iliyobandikwa, unene wake milimita 4 hadi 6, na ukingo wake uwe umefungwa na stenlesi, usione mstari wa kijivu wa alumini ukiwa wazi. Mstari huo ukiwa wazi, sabuni ya mashine itaula kidogo kidogo hadi ukingo uwe mkali kama wembe. Kisha weka sufuria juu ya kioo cha kaunta uisukume kidogo: ikiyumba, iache. Gonga kitako kwa kucha na ubavu kwa kucha. Ubavu utalia, kitako kitatoa sauti fupi nzito. Mwuzaji mwema wa Kariakoo au wa River Road hatakukataza kufanya hivyo.

Namba 18/10 na 18/0 zina maana gani?

Ni namba zinazoandikwa kwenye stenlesi: ya kwanza ni asilimia ya kromiamu, ya pili ni ya nikeli. 18/10 na 18/8 ndizo zinazostahimili kutu zaidi, na kwa kupika nyumbani tofauti kati ya hizo mbili huwezi kuiona. 18/0 haina nikeli. Inashikwa na sumaku na ni nafuu, lakini mashine ikiiosha mara nyingi huanza kutoa madoa ya kutu. Kwa mtu ambaye ngozi yake inakataa nikeli, 18/0 ni chaguo la haki.

"Inafaa kuoshwa kwa mashine": alama hiyo inaaminika?

Inategemea imeandikwaje. Mchoro wa sahani zenye matone ya maji juu yake ndio wa kawaida. Ukiona pamoja nao namba, mfano 125 au 500, hiyo ni idadi ya mizunguko ambayo chombo kilioshwa kwa majaribio bila kuharibika, kwa utaratibu wa kipimo cha Ulaya EN 12875. Alama yenye namba ina uzito. Maneno matupu kwenye boksi, bila mchoro wala namba, maana yake mara nyingi ni kwamba chombo hakitavunjika. Hayasemi kitabaki na sura gani baada ya mwaka.

Soma pia upande wa pili wa kijikaratasi. Mara nyingi boksi linaruhusu mashine, na kijikaratasi cha ndani kinashauri kuosha kwa mkono ili chombo kidumu. Ukiona hivyo, fuata kijikaratasi.

Kwa nini sufuria yangu ya alumini imetoka kwenye mashine ikiwa nyeusi?

Sabuni ya mashine si kama ya maji ya mkononi. Ni kali kwa upande wa alkali, kama magadi yaliyozidishwa, na inafanya kazi kwenye maji ya nyuzi 50 hadi 70 kwa saa moja au mbili. Alkali inayeyusha utando wa juu wa alumini, ndipo weusi unatokea na kupangusika kwenye kitambaa. Unaweza kuing'arisha kwa kuchemsha ndani yake maji yenye ndimu au siki, lakini ukiirudisha kwenye mashine itarudi kuwa nyeusi. Ioshe kwa mkono.

Ile alumini ngumu ya rangi ya kijivu iliyokolea, iliyopitishwa kwenye umeme na asidi ili utando wake unenepe, huvumilia jikoni kuliko alumini ya kawaida. Mbele ya sabuni ya mashine nayo hufifia na kutoka mabaka, isipokuwa imefunikwa nje kwa rangi maalumu.

Vikaango vya "granite" au "marble" ni vya jiwe kweli?

Hapana. Karibu vyote ni alumini iliyopakwa utando wa kutogandisha, ukanyunyiziwa madoadoa yafanane na jiwe. Hakuna ubaya katika hilo mradi ujue unanunua nini: kikaango chepesi, rahisi kutumia, chenye maisha ya miaka michache. Hakitakuwa urithi wa mtu.

Nonstiki, yaani kikaango chenye utando wa kutogandisha, ni salama?

Utando wake wa kawaida ni PTFE, ambayo Roy Plunkett aliigundua kwa bahati mwaka 1938 akiwa katika maabara ya DuPont huko Marekani. Ukipika kwa moto wa kawaida, haina tatizo. Inaanza kuharibika ikizidi nyuzi 260 hivi, na ikifika juu ya 350 inatoa moshi unaoudhi mapafu ya mtu na unaoua ndege. Mafuta ya kukaangia huanza kutoa moshi kabla ya hapo, kwa hiyo kikaango chenye chakula ni vigumu kufikia huko. Hatari ni kikaango kitupu kilichosahauliwa juu ya moto mkali. Mwenye kasuku au chiriku ndani ya nyumba ndogo alichukulie jambo hili kwa uzito wote.

Ile kemikali iliyoleta kelele ni PFOA, iliyotumika kutengenezea utando huo zamani. Ilipigwa marufuku kimataifa kwa Mkataba wa Stockholm mwaka 2019. Kikaango kipya cha kampuni inayojulikana hakitengenezwi nayo.

Kuhusu mashine, ushauri wetu hauna kigugumizi: nonstiki usiioshe kwa mashine hata kama boksi linaruhusu. Sabuni na joto vinalegeza utando, na kinachohitajika kuosha kikaango hicho ni maji ya vuguvugu, sponji laini na dakika moja. Ukikwaruzika hadi alumini ikaonekana, kistaafishe.

Kwa hiyo ninunue kikaango gani?

Kama unapika mayai kila asubuhi, weka kimoja cha nonstiki, kidogo, sentimita 20 hadi 24, na ukubali kwamba kitabadilishwa. Kama unakaanga zaidi samaki, nyama na vitunguu, kiwe cha stenlesi cha tabaka tatu.

Wengi huikimbia stenlesi kwa sababu chakula kinagandia, na dawa yake ni subira tu. Washa moto wa kati, pasha kikaango kikavu, kisha dondoshea tone la maji. Likichemka na kukauka papo hapo, bado. Likijikusanya na kuanza kutelezateleza huku na huko, tayari. Tia mafuta, subiri kidogo, weka samaki aliyekaushwa maji kwa kitambaa, halafu usimguse. Akiiva upande mmoja atajiachia mwenyewe. Anayempindua mapema ndiye anayeacha ngozi yake kwenye kikaango.

Nataka kusonga ugali, na sufuria nyepesi inazunguka jikoni.

Hapa wepesi ni kasoro, na watu wengi hawaambiwi hivyo wakati wa kununua. Ugali unapoanza kukaza, mwiko unasukuma sufuria nzima. Ukiwa na sufuria bapa ya alumini isiyo na mipini, mkono wa kushoto unashika kitambaa na kitambaa kinashika moto. Kwa kaya ndogo, sufuria ya lita 2 yenye mpini mmoja mrefu uliokazwa kwa ribiti (msumari mfupi uliopondwa ncha) ndiyo dawa: mkono mmoja unashika mpini imara, mwingine unasonga. Kitako kizito kinasaidia pia kwa sababu uzito unakaa chini.

Kuna tahadhari moja. Ukipikia kwenye jiko linalofungwa juu ya mtungi wa gesi wa kilo 6, mpini mrefu unaweza kuivuta sufuria ndogo ikapinduka, hasa ikiwa tupu au ina maji kidogo. Juu ya jiko la namna hiyo tumia sufuria yenye mishikio miwili mifupi, na ugali usonge ukiwa umeushusha mtungi mahali palipo tambarare kabisa.

Napikia mkaa. Vyombo hivi vinanifaa?

Sufuria ya stenlesi inafaa, lakini angalia mishikio na mfuniko. Mishikio ya plastiki ngumu nyeusi itapasuka na kunuka kwenye mkaa, na pia kwenye gesi ikiwa mwali unapanda ubavuni. Chagua ya chuma. Mfuniko wa kioo hauwezi kupaliwa makaa. Kama wali wako na pilau yako huviivisha kwa kupalia moto juu, baki na sufuria yako ya alumini yenye mfuniko bapa kwa kazi hiyo, kwa sababu hakuna sufuria ya stenlesi ya dukani inayoifanya vizuri zaidi.

Masizi hayaondolewi na mashine. Paka sabuni ya kipande nje ya sufuria kabla ya kuibandika motoni, nayo yatatoka kwa maji. Na usiiache alumini juu ya makaa mekundu ikiwa kavu: inayeyuka kwa nyuzi 660, na jiko linalopepewa linaweza kuzifikia.

Mimi sina mashine. Kwa nini nijali kama chombo kinafaa kuoshwa kwa mashine?

Kwa sababu ni mtihani mgumu, na chombo kilichoufaulu kimeonyesha kwamba mipini yake haipasuki kwa joto, ribiti zake hazilegei na uso wake hauliwi na sabuni. Chombo hicho kitavumilia pia msaidizi wa nyumbani mwenye haraka, na kuloweka usiku kucha. Mchanga na dodoki la waya vitakikwaruza tu, havitakiharibu.

Nina mashine ndogo ya sentimita 45. Vyombo vyangu vitaingia?

Hili lipimwe kabla ya kununua. Mpini mrefu unakula nafasi ya sahani nne na mara nyingine unazuia ule mkono unaozunguka ukirusha maji. Kwa mashine ndogo, na hasa ile ya kuweka juu ya meza, sufuria zenye mishikio miwili mifupi zinaingia vizuri zaidi. Zipo pia za mpini wa kuchomoa: unaosha mwili peke yake, na mpini unaufuta kwa kitambaa. Kwa aliyeko kwenye fleti ndogo ni ubunifu wa maana, mradi klipu yake iwe imara. Ijaribu dukani kwa kuweka kitu kizito ndani ya sufuria na kuiinamisha.

Sufuria ziweke rafu ya chini, mdomo ukiangalia chini, na alumini isigusane na stenlesi ndani ya mashine. Madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji yenye chumvi, moja hula jingine.

Stenlesi yangu imetoka madoa meupe, na nyingine ina rangi kama upinde wa mvua. Imeharibika?

Haijaharibika. Meupe ni chokaa ya maji, na rangi zinatokana na joto kuzidi. Vyote viwili huondoka kwa siki au ndimu kidogo kwenye kitambaa, halafu suuza na ukaushe. Anayetumia maji ya kisima yenye chumvi, kama wengi wa Pwani, asiache sufuria ijikaushe yenyewe.

Na vitobo vidogo vidogo chini ya sufuria?

Hivyo ni jambo jingine, na havirudi nyuma. Husababishwa na chumvi iliyotiwa kwenye maji ya baridi, ikatua kwenye kitako na kukaa hapo. Tia chumvi maji yakishachemka, kisha koroga. Sababu nyingine ni dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Isiguse stenlesi kabisa.

Mama yangu ana baridi yabisi ya vidole. Nimnunulie nini?

Usimnunulie sufuria nyembamba ukidhani unamsaidia. Chakula kitaungua, na kusugua ukoko kunauma vidole kuliko kunyanyua. Mnunulie ya lita 1.5 na ya lita 2, zenye mishikio miwili mipana ambayo kiganja kizima kinapita, ili uzito ugawanyike mikono miwili. Mfuniko uwe na kirungu kikubwa cha kushika. Mwonyeshe, kwa heshima, kwamba maji anaweza kuyaongeza kwa kikombe sufuria ikiwa tayari jikoni, na chakula kuteka kwa upawa bila kuinua chombo. Kama ipo mashine, ndiyo zawadi yenye faida zaidi kwake, maana kukamua dodoki ndiko kunakomtesa.

Kwa nini maharage yangu hayaivi Nairobi, na presha kuka ya ukubwa gani inanitosha?

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Hata uongeze moto vipi, maji ya sufuria ya kawaida hayapiti hapo. Unachoma gesi tu. Presha kuka inafungia mvuke na kupandisha joto karibu na nyuzi 120, ndiyo maana maharage yaliyolowekwa huiva ndani ya nusu saa au chini ya hapo.

Kwa watu wawili lita 3 inatosha, na ya lita 4 inawafaa watatu. Usiijaze zaidi ya theluthi mbili, na kwa vyakula vya kutoa povu kama maharage usizidishe nusu. Nunua ya stenlesi ikiwa utaosha kwa mashine. Za alumini zitakuwa nyeusi. Hata ya stenlesi, mashine ioshe mwili wake tu: mfuniko, vali na mpira wake vioshe kwa mkono, upulize tundu la vali uone mwanga kabla ya kupika tena. Mpira ukianza kukakamaa au kupitisha mvuke pembeni, ubadilishe mara moja. Uliza kabla ya kununua kama mpira wa kampuni hiyo unapatikana mjini kwako. Presha kuka isiyo na vipuri ni sufuria nzito tu.

Sufuria za kusubiwa kwa vyuma chakavu ni nafuu na nzito. Zina tatizo?

Tunaomba swali hili lisomwe na kila mzazi. Kuna tofauti kati ya sufuria iliyofinyangwa kutoka bamba la alumini la kiwandani na ile iliyosubiwa kwa kuyeyusha chochote kilichopatikana: vipande vya injini, rejeta, mabati, nyaya. Kwenye mchanganyiko huo risasi, yale madini mazito yenye sumu, huingia bila fundi kukusudia, na haionekani kwa macho.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini vya namna hiyo kutoka nchi 10, zikiwemo Kenya na Tanzania, na zaidi ya theluthi yake vilionekana kuwa na hatari ya kutoa risasi kwenye chakula. Mwaka 2025 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, nayo ilionya kuhusu baadhi ya vyombo vya alumini, vya shaba ya njano na vya aloi (mchanganyiko wa madini) inayoitwa Hindalium vilivyoingizwa nchini humo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Hatumlaumu fundi, ambaye anatumia malighafi aliyonayo. Lakini chombo cha kumpikia mtoto uji kila siku kisitoke huko. Kama unacho tayari na huwezi kukibadilisha leo, usikipikie vitu vya ndimu, ukwaju au nyanya, na usilaze chakula ndani yake.

Alumini inaleta ugonjwa wa kusahau?

Hakuna ushahidi uliothibitisha kwamba kupikia alumini kunaleta ugonjwa huo. Kamati ya pamoja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) iliweka mwaka 2011 kikomo cha alumini anayoweza kula mtu: miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki, na sufuria ya bamba safi la kiwandani, isiyolazwa chakula kichachu, huchangia sehemu ndogo yake.

Jiko la indaksheni, lile la umeme linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku, litakubali sufuria zangu?

Chukua sumaku ya kwenye friji uibandike chini ya kitako. Ikishika kwa nguvu, litakubali. Alumini tupu na shaba hazikubaliwi, na stenlesi inakubaliwa tu ikiwa kitako chake kinashikwa na sumaku.

Chuma cha kusubu, chuma cheusi cha chapati, enameli, titani?

Chuma cha kusubu kinadumu vizazi, lakini kikaango cha sentimita 26 kinapita kilo 2 na mashine inakitia kutu kwa usiku mmoja. Chuma cheusi cha chapati ni chepesi zaidi na hakina mbadala kwa chapati nzuri: kifute, kipake mafuta, usikipeleke kwenye mashine. Enameli inavumilia mashine hadi siku itakapobanduka, kwa kuwa ni kioo kilichopakwa juu ya chuma. Titani ni nyepesi ajabu na haili kutu, lakini husambaza moto vibaya kama stenlesi tupu. Wapanda milima wanaifurahia kwa kuchemshia maji. Mchuzi utaungua.

Mwiko, kinu, mbuzi ya nazi na chungu viende kwenye mashine?

Hapana, hata kimoja. Mti unapasuka, chungu kinanywa sabuni na kuitoa kwenye mchuzi wako wa samaki.

Mpini umelegea baada ya miezi michache. Nitupe sufuria?

Angalia umefungwaje. Wa skrubu kaza, na ukiendelea kulegea weka washa nyembamba ya chuma kati ya skrubu na mpini. Ribiti iliyolegea inaweza kugongwa upya na fundi wa jua kali kwa nyundo na nondo ya kuegemeza, ni kazi ya dakika chache. Mpini uliochomelewa ukabanduka ndio mgumu, kwa sababu kuchomelea stenlesi nyembamba kunataka mashine ya ageni, yaani ya kuchomelea kwa gesi ya agoni, na mkono uliozoea. Uliza kwanza kama fundi anayo. Usikubali ichomelewe kwa vijiti vya kawaida vya geti: itatoboka, na pale ilipochomewa patashika kutu.